Kuamia na Kuhamia

Hadi leo nikisikia kopo lenye kokoto likitikiswa, shingo yangu hugeuka yenyewe kutafuta mpunga. Mlio wenyewe si mzuri, ni bati kavu na vijiwe basi, lakini kwetu Mohoro ulitosha kutangaza kwamba mpunga wa bondeni umeanza kujaa na kwamba kwelea, vile vindege vidogo vyenye midomo myekundu, wameshapata habari kabla yetu. Ulikuwa ni msimu wa harufu ya tope linalokauka na moshi wa kuni mbichi. Wanawake walifungasha mikeka, masufuria na watoto wadogo, wakavuka mto kwenda kuishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miguu ya miti katikati ya mashamba. Watoto wa shule tulibaki kijijini na mabibi zetu. Mimi nilikuwa darasa la pili, nikabaki na Bibi mzaa baba. Mdogo wangu Zaituni, aliyekuwa na miaka mitano na hana shule wala madaftari, akaenda na Mama.

"Mama yako kaenda kuamia," Bibi aliniambia asubuhi ile nilipoamka nikakuta kitanda kitupu. Sasa Bibi, kama wazee wengi wa kwetu waliolelewa na Kindengereko, hakuwa na urafiki na herufi h. Haraka kwake ilikuwa araka, na mgeni akibisha hodi yeye alisikia odi. Nilishazoea kumrudishia h zake kichwani mwangu, hata pale ambapo hazikuwapo. Sikujua kwamba kuamia ni neno linalojitegemea, kwamba maana yake ni kulinda mpunga dhidi ya ndege kutwa nzima hadi jua litue. Mimi nilisikia kuhamia. Nikaelewa kwamba Mama amehamia bondeni, amemchukua Zaituni, mimi ameniacha. Sikumuuliza Bibi kitu. Nilikunywa uji nikaenda shule, na darasani mwalimu alipouliza nani hajafanya kazi ya nyumbani nilinyoosha mkono ingawa nilikuwa nimeifanya.

Alhamisi jioni Mama alikuja, kwa kuwa alipokezana na shangazi ili Ijumaa awe nyumbani. Nilimkaribisha kama mgeni. Nilimletea kigoda, nikamwuliza amekuja kutembea hadi lini. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akanieleza: "Sijahamia, mwanangu. Naamia. Ndege wakiisha narudi." Nililielewa neno, lakini wivu haukuondoka, kwani wivu haukuwa umeingia kwa njia ya kamusi. Siku nzima ya Ijumaa Mama alikuwa wangu. Alinikata kucha, akanisikiliza nikisoma, akanisugua mgongo ingawa nilikuwa mkubwa wa kuoga mwenyewe. Mimi hata hivyo sikuihesabu siku ile. Niliwaza zile sita zilizobaki, ambazo Zaituni angelala amegusana na mgongo wa Mama na kula pepeta la moto, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa. Nilimchukia mdogo wangu kwa moyo wangu wote, nasema bila kuona haya.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita nilipelekwa dunguni. Nilipanda ngazi nikiwa nimejiandaa kuingia peponi, nikamkuta Zaituni amefungwa kanga kiunoni, ncha ya pili imefungwa kwenye nguzo ili asianguke. Mama alikuwa ameketi ukingoni, ametugeuzia mgongo. Mbele yake kulikuwa na kamba nne zilizotawanyika shambani hadi kwenye makopo yaliyotundikwa vijitini, mbili mikononi, moja gotini, moja kwenye kidole gumba cha mguu. Alivuta, makopo yakalia, ndege wakaruka, wakatua upande wa pili, akavuta tena. Katikati alipiga kelele ambazo sijawahi kumsikia akimpigia binadamu. Zaituni aliponiona alinisogezea nafasi kwenye mkeka. Mimi nilidhani ananionyesha kwamba pale ni kwake.

Siku ya tatu nilimwomba Mama anisuke. Alisema baadaye, na baadaye ya bondeni haifiki kabla ya magharibi, na magharibi mtu huwa hana tena mikono. Nikamwambia basi nipe kamba nivute mimi, wewe nisuke. Alinitazama, akatazama shamba, nadhani alikuwa amechoka kuliko nilivyojua. Akanipa kamba zote nne, akanikalisha katikati ya magoti yake nikiwa nimelikabili shamba, akaanza kunisuka twende kilioni, ule mtindo wa mistari inayorudi nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike bondeni mikono yote miwili ya Mama kuwa juu yangu. Vidole vyake vilinuka moshi na mafuta ya nazi. Nilivuta kamba vizuri kabisa, kwa muda.

Kisha nikawaona. Walishuka kwenye kona ya mbali, kando ya matete, wengi mpaka mpunga ukainama. Mama alikuwa ameinamia kichwa changu, hakuwaona. Nilikuwa na kamba ya kona ile mkononi. Nikivuta, nilijua, Mama atanyanyua macho, atasimama, atanyang'anya kamba, na mkono hautarudi kichwani. Kwa hiyo sikuvuta. Nilitikisa kamba nyingine, ile ya upande usio na ndege, ili makopo yaendelee kulia, nikawaachia kwelea wale. Sijui ni muda gani. Ilitosha mistari minne.

Mama alipoinua uso alishuka ngazi bila kukanyaga vipago vyote. Alirudi na tope hadi magotini. Kona ile ndiyo aliyokuwa ameikusudia iwe mbegu ya mwaka ujao, mpunga wa marehemu mama yake, ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. "Mwanahawa, uliwaona?" aliniuliza. Nikasema sikuwaona. Hakunipiga. Alikaa mahali pake, akajifunga kamba zake, akanipa mgongo. Nilirudi kijijini na kichwa kilichosukwa upande mmoja, upande wa pili umesimama, na Bibi aliyekuja kunimalizia alilalamika njia nzima ya kichwa kwamba mwanamke gani anasuka nusu. Mbegu ile haikupatikana tena. Mwaka uliofuata Mama alipanda ya kuombaomba, na hadi leo anapopika wali huusifu kwa kusema umekaribia ule.

Nimeyarudia haya yote wiki hii kwa sababu ya barua. Nafanya kazi kwenye kampuni ya mizigo yenye ofisi yake Dar es Salaam, napokea malalamiko ya wateja, na kwa miaka kadhaa nimeyapokea nikiwa nyumbani kwangu Kibiti, sebuleni, na kompyuta. Sasa ofisi inataka kila mmoja achague. Anayetaka arudi ofisini, Jumatatu hadi Alhamisi, na atafikiriwa kwenye nafasi ya uongozi wa zamu. Asiyetaka abaki alipo na cheo alicho nacho. Fomu iwe imejazwa kufikia Ijumaa. Mama bondeni hakupewa fomu. Kwelea hawaulizi mtu anapendelea nini.

Nikiri kwamba wivu umenirudia, tena umenona. Nawaonea wivu wenzangu waliokwisha kurudi ofisini. Kwenye vikao nawaona kupitia kioo wakigombania sahani ya sambusa. Mmoja husema jambo pembeni, wanacheka wote, sauti inakatika, na mimi natabasamu kwa kichekesho nisichokisikia. Neema, niliyemfundisha kazi mwenyewe, sasa anaketi hatua tatu kutoka kwa meneja, na meneja anamwita Neema wangu. Siku niliyolisikia hilo sikula vizuri. Halafu nageuka nyuma na kukuta wivu wa pili unanisubiri hapo hapo sebuleni. Mama yangu, ambaye siku hizi anaishi nami, anakaa mkekani na binti yangu Nasra tangu asubuhi. Wanapepeta mchele, wanasimuliana, wanatazamana usoni. Nasra ana miaka mitano na amempata yule mama niliyemtaka mimi, mzima, asiye na kamba hata moja.

Nilimpigia Zaituni, ambaye ni muuguzi na anaishi Mbagala. Alisema chumba kipo, nikae kwake siku nne. Nikamwambia naogopa kumfanyia Nasra nilichofanyiwa, kuachwa. "Dada, wewe uliachwa?" akasema. "Wewe ulikuwa na Mama Ijumaa nzima. Mimi nilikuwa na mgongo wake." Halafu, kwa sauti ya mtu aliyelibeba jambo miaka mingi, akaniambia kwamba siku ya kona ile naye aliwaona ndege. Alikuwa amefungwa pale nguzoni, akawaona kabla yangu. Nikamwuliza kwa nini hakusema. "Nilikuwa nasubiri umalize, na mimi nisukwe."

Baada ya simu ile nilikaa mezani na kupima mahali nilipo. Meza yangu inatazama ukuta, ili nisitazame vyombo nikiwa na wateja. Maana yake ni kwamba kutwa nzima Nasra anaona kisogo changu na vile vidude vya masikioni. Nimekuwa nikijisifu kwa majirani kwamba mimi nalea mwanangu mwenyewe.

Jana mchana nilimwita Nasra. Mama alikuwa anamsuka, kwa hiyo alinijibu bila kugeuza kichwa. Nikamwambia huenda nikaenda Dar kufanya kazi, Jumatatu mpaka Alhamisi.

"Unahamia?" akauliza.

Mama alisimamisha mikono. Alinitazama, na nikajua hajasahau neno lolote kati ya yale ya Alhamisi ile. "Mjibu mwanao," akasema.

"Sihamii," nikasema. "Naenda kuamia. Alhamisi jioni narudi."

Nasra alilifikiria. Hakujua maana yake na hakuiuliza. Alinyoosha kidole kwenye kompyuta. "Na hiyo utarudi nayo?"

"Hiyo itabaki kazini."

"Basi nenda," akasema, akarudisha kichwa mapajani mwa bibi yake.

Nilijaza fomu pale pale, nikaituma, ingawa moyo uliniuma kwa namna alivyoniruhusu upesi. Simu za wateja zilikuwa zinaita. Nilifunga kompyuta saa tisa mchana kweupe, nikavua kilemba, nikaenda kuketi mkekani nyuma ya mwanangu. Mama alisuka mstari wake taratibu mpaka mwisho, akafunga ncha, akasema, "Nilijua uliwaona." Kisha akamsogeza Nasra kando, akapiga paja lake kwa kiganja, akanionyesha mahali pa kuweka kichwa.