Sukari ya Saa Saba Mchana

"Amekula saa ngapi?"

Sista aliniuliza tukiwa tunakimbia. Daftari langu lilikuwa na presha ya bibi tuliyekuwa tukimkimbilia, mapigo ya moyo wake na vidonge vya kisukari vilivyobaki. Kuhusu kula sikuwahi kumuuliza.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Kariakoo ilifurika redio na mitumba, na kila mwenye nguvu alishinda kibandani kwake. Wazee wakabaki vyumbani peke yao. Mradi wetu mdogo uliwafuata humo humo: sista mstaafu wa hospitali, na mimi niliyetoka chuo kikuu, nikiandika kumbukumbu. Hata mradi wenyewe niliutilia shaka. Tulikuwa tunawasaidia wazee, au tunawapa watoto wao kisingizio cha kutorudi nyumbani mchana?

Bibi huyu alipenda kunitania. Alisema mimi hata shikamoo yangu ina swali ndani yake.

Mchana ule wa Ramadhani sista alibaki nyumba ya tatu akifunga kidonda cha mzee mwingine, nikamtangulia. Nilimkuta bibi amelala ubavu, khanga imelowa jasho, mikono ya baridi. Nilimwamkia, hakuitikia. Akaanza kunigombeza kana kwamba mimi ni mdogo wake aliyechelewa kurudi kutoka kisimani. Jirani yake, aliyekuwa akikuna nazi ukumbini, alichungulia akasema hiyo ni saumu tu, nimwache alale mpaka magharibi.

Nilitaka sana kumwamini. Nilikaa pale kitandani, sijui dakika ngapi, nikitaka kumwamini, na hilo linanitisha mpaka leo. Kisha bibi akaanza kukoroma macho yakiwa nusu wazi. Nilitoka mbio bila viatu kumwita sista.

Tulipoingia, sista alimuuliza jirani swali lile lile. Bibi alikula daku saa kumi alfajiri, jirani akasema, na vidonge akameza. Sista akasema sukari ya mwilini imeshuka, akaomba sukari ya chai. Jirani akalileta kopo, lakini akalikumbatia kifuani.

"Mtamfungulisha mama wa watu?"

"Lete hapa. Dhambi nitaibeba mimi."

Sista akampaka sukari kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Mimi nilimshikilia kichwa. Kila pumzi iliyochelewa, na yangu ilisimama. Nilijiona nimeua mtu. Mimi ninayehoji kila kitu nilikuwa nimehesabu vidonge vyake wiki hadi wiki, wala sikumuuliza kama anafunga. Nilikuwa nimesoma kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula, nikadhani yamekwisha.

Hatimaye alifumbua macho. Akalamba midomo, akaonja utamu, akatutazama mmoja mmoja. Kisha akageuzia uso ukutani.

"Mmeshaniona," akasema.

Sista alishusha pumzi. Mimi niliogopa upya, nikidhani akili haijamrudia.

Miaka mingi baadaye, bibi akiwa ameshafariki kwa uzee wake, mke wa mwanawe aliniambia kwamba kabla hatujaanza kumtembelea hakuwa akifunga. Daktari alishamkataza, na kila Ramadhani alikunywa uji wake mchana, mlango umefungwa. Mwaka ule alifunga kwa sababu sisi tulikuwa tunaingia saa saba, na aliona haya kukutwa na wageni akila.