Euro Thelathini kwa Siku

Nilikwenda Vienna kwa sababu kikundi chetu cha akina mama wakulima wa kahawa, hapa Muleba, kilialikwa kwenye maonyesho, na nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Waandaaji walilipa ndege na chumba chenye chai ya asubuhi. Chakula kingine na nauli za mjini, jitegemee. Wenzangu walichanga tukapata euro mia mbili na kumi: siku saba, thelathini kwa siku.

Siku moja kabla ya safari nilifikia Bukoba, Kashai, kwa wifi yangu Adventina. Nikabana fedha ya kila siku katika ukurasa wake wa kitabu cha nyimbo. Ukurasa wa Jumapili ndio uliokuwa na nauli ya treni ya kurudi uwanja wa ndege. Huo nilijiapiza kutougusa, maana kule nikikwama sina wa kumpigia simu.

"Wifi, mbona unazihesabu tena na tena?" aliniuliza. "Waitu, ndugu yangu, si wanakungoja?"

"Wananingoja. Lakini hawatanilisha."

Jumatatu, Vienna. Treni ya chini ya ardhi haina konda. Unakata tiketi mwenyewe, na wakaguzi huvaa kiraia. Tiketi nilikuwa nayo, lakini kila mwanamume aliyesimama karibu yangu nilimdhani mkaguzi. Nauli, mkate, supu na maji vikamaliza thelathini yote. Jumanne baridi ikaninunulisha glovu. Kahawa sikuthubutu kuagiza. Miaka ishirini napalilia mibuni, nikawa napita milangoni kwao nikinusa tu.

Jumatano jioni, Greta, mama wa makamo aliyekuwa mwenyeji wangu pale maonyeshoni, akaniambia, "Leo twende tukale. Nakupeleka mahali pazuri."

Nilifurahi mno. Kwetu anayesema twende tukale ndiye mlipaji, na mgeni akidonoadonoa anamwaibisha. Kwa heshima yake nikaagiza samaki mzima, juisi, na keki aliyoisifu.

Tulipomaliza, mhudumu akaja na bili. "Pamoja, au kila mtu yake?"

"Kila mtu yake," Greta akajibu akitabasamu.

Yangu ilikuwa arobaini na nne. Za Jumatano zilibaki kumi na nane, nikalazimika kuifungua Alhamisi, nayo ikabaki na euro nne.

Alhamisi asubuhi, kwenye chai, nilifungia mikate miwili ndani ya kitenge nikaitia mkobani. Kila hatua ya mhudumu ilinishtua. Sijawahi kuiba hata ndizi ya jirani, na sasa nilikuwa natoka chumba cha chai kama kibaka. Mchana Greta akaniuliza, "Wewe huli?"

"Nimeshiba," nikasema. Mgeni hatangazi njaa. Akaniamini, akaenda zake kula.

Ijumaa na Jumamosi nilikuwa na thelathini kamili kila siku, lakini hofu ilishaniingia mifupani. Je, nikiumwa? Je, nauli ikipanda? Nilikwenda maonyeshoni kwa miguu, dakika arobaini kwenye baridi, na nikaendelea na mikate yangu ya kitenge, jioni nikinunua supu tu.

Jumapili alfajiri, kituoni, mashine ilipotoa tiketi ya uwanja wa ndege nililia mbele za watu. Ndani ya treni nikafungua kitabu. Zilikuwamo euro hamsini na mbili. Nilikuwa nimeshinda njaa na fedha ninazo.

Bukoba, Adventina alinipokea uwanjani. "Mawe, mama yangu! Umekonda hivi? Twende tukale."

Akanipeleka hotelini karibu na soko. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki vikaletwa vikifuka moshi, na kabla sijanawa nikajisikia nikiuliza, "Analipa nani?"

Adventina aliacha kunawa. "Unaniuliza mimi, wifi?"

Anayekwenda Ulaya namshauri aulize swali hilo kabla ya kuketi. Ni somo zuri, nililinunua kwa bei ya samaki. Sikujua tu kwamba ningerudi nalo. Adventina alimwita mhudumu, akalipia sahani zote mbili, akaondoka bila kuigusa yake.