Nafasi ya Kuandika

Profesa wetu wa uchumi alifundisha kwa imla. Alisoma sentensi, akanyamaza hadi kalamu ya mwisho ukumbini itulie, kisha akairudia, akitaja hata mkato na nukta kwa Kifaransa.

Korona ilipofunga chuo, uongozi ulitangaza kwamba tulikuwa tayari: nusu ya masomo ingepitia simu, nusu ingengoja milango ifunguliwe. Utayari wenyewe ulikuwa grupu moja la WhatsApp kwenye simu zetu.

Mimi nilikuwa nimerudi chuoni kusoma na mvi zangu. Binti niliyekuwa nikiketi naye benchi moja alikuwa akirudia mwaka, na kwetu hakuna anayerudia mara mbili. Akianguka tena, anafutwa. Yeye alikwenda kwa wazazi wake Mambasa, mbali kule msituni, mimi nikabaki nyumbani Rwambuzi, mjini.

Profesa akaanza kututumia sauti yake, naye akafundisha kama alivyozoea. Alisoma sentensi, akanyamaza mbele ya simu, akingoja kalamu asizoziona. Katika kimya hicho nilisikia mvua juu ya bati lake.

Binti akanipigia akicheka. "Muzee, huyu profesa anakula mega yangu ya intaneti na kunyamaza!"

"Mwambie asome mbio."

"Weye mwambie. Miye niko narudia mwaka, na nianze kumufundisha kazi?"

Nilimwambia. Profesa akaniuliza kwa upole, "Na wale wanaoandika polepole, niwaache?"

Maisha yake yote alikuwa amejizuia kumwacha mtu nyuma, na kimya kile kilikuwa heshima yake kwetu. Basi nikawa naandika masomo mwenyewe na kumtumia binti maandishi peke yake, yasiyo na mvua wala kungoja. Yalimfikia kwa muda. Kisha antena ya simu ya kwao ikazimika, na masomo ya mwisho yakabaki kwenye simu yangu, hayaendi.

Chuo kilipofunguliwa, muda ulikuwa umekwisha kuliwa. Ile nusu ya ukumbini haikufundishwa kamwe. Ilipangwa mitihani tu. Binti alifika na lori, vumbi kwenye nyusi, barakoa shingoni, akaenda moja kwa moja kwa profesa. Nilikuwa nyuma yake.

"Profesa, masomo ya mwisho sikuyapata."

"Sauti iko mu grupu, mama," alimjibu, bila ukali wowote. Kwake, kilichotumwa kilikuwa kimefundishwa.

Usiku ule binti alinakili alichoweza kutoka kwangu. Mtihani uliuliza mengine.

Siku ya matokeo tulisimama uani, mbalimbali kama tulivyoamriwa. Profesa ndiye aliyesoma majina ya waliopita. Alisoma moja, akanyamaza, akasoma jingine. Langu liliposikika, wenzangu walisahau umbali, wakacheza na kunimwagia poda kichwani, desturi yetu kwa aliyepita. Binti hakucheza nao. Kila mara profesa aliponyamaza, yeye aliinua kidevu kidogo.

Kisha profesa akakunja karatasi, akapandisha barakoa yake.

Binti akanipangusa poda begani. "Muzee, funga macho, isikuingie."

Nilipoyafungua alikuwa amefika getini. Pale walisimama wanafunzi wa idara nyingine, wasiomjua, wakishangilia kila aliyetoka. Mmoja aliinua kopo lake la poda juu ya kichwa cha binti.

Nilimwona akiushika ule mkono, taratibu, na kuushusha.

"Miye hapana," alisema.