Risasi Nzito

Shemeji yangu akikujibu "nimekuelewa" mara mbili, jua hajaelewa hata kidogo. Nililijua hilo tangu alipomuoa mdogo wangu, na bado nikamwachia jambo langu mikononi. Kwa hiyo hasira yangu naigawa: fungu lake kubwa, langu dogo.

Mimi ni askari wa mlangoni kwenye hoteli moja ya Al Garhoud, huku Uarabuni. Kusimama ndiyo kazi yangu. Nasimama mpaka soksi zinanichora miguuni kama kamba. Niliposikia kwamba klabu ya kulenga shabaha nje ya mji, ambako nilikuwa nikijifunza siku zangu za mapumziko, inatafuta mwanamke wa kuwasaidia wanawake wanaoanza, niliitaka kazi ile kama mwenye homa anavyotaka maji. Pale msaidizi hukaa. Kuna stuli, kuna kivuli. Jaribio lilikuwa kupiga sahani ya chuma umbali wa mita mia tatu, kwa bunduki na risasi uliyochagua mwenyewe.

Kwenye kuchagua ndipo kila mwanamume ninayemfahamu mtaani kwetu Rashidiya alipogeuka mtaalamu. Mimi nilimsikiliza mwalimu wa uwanja, mzee wa Kipakistani asiyepoteza maneno. Alinipangia risasi tatu mezani. Kubwa ilikuwa na urefu wa kidole changu cha kati. Hiyo hufika mbali sana, na bega lako hulipiga teke la punda. Ya katikati wengi huanza nayo, ila nayo ina teke lake. Ndogo, ile wanayoiita mbili-mbili-tatu, haina makeke. Unaipiga asubuhi nzima na bega linabaki lako. Adui yake ni upepo, na dawa ya upepo ni kuchagua ile yenye kichwa kizito, maana kichwa chepesi hupeperushwa ovyo. Anayeanza, alisema mzee, achukue risasi asiyoiogopa, umbali ataukuta mbele ya safari. Nikachagua ndogo yenye kichwa kizito, nikaridhika.

Siku ya kuwekesha bunduki za jaribio nilikuwa zamu. Shemeji, Mtanzania wa Dodoma, ni dereva na huwapeleka wageni pale klabu karibu kila siku. Wakati wa chai nikampigia.

"Shem, nishikie ile ya risasi nzito. Umeskia? Nzito. Wakikupea nyepesi kataa, upepo utaipeleka Sharjah."

"Nimekuelewa, shemeji."

"Nzito!"

"Nimekuelewa bwana."

Mara mbili. Na mimi, mjinga, nikarudi mlangoni nikiwatabasamia wageni.

Kwetu risasi ni risasi. Ganda, baruti, kile kichwa kinachoruka, vyote tunaviita risasi. Mimi nilisema risasi nikiwa na maana ya kichwa, yeye akasikia kitu kizima. Akaenda kwenye dirisha la klabu la kutolea bunduki, na kwa Kiarabu chake cha barabarani akaeleza kwamba shemeji yake anataka ile nzito kuliko zote.

Asubuhi ya jaribio nikaikuta bunduki yenyewe imelala mkekani, ndefu kama mchi, na kando yake zile risasi za urefu wa kidole.

"Hii ni nini sasa?" nikamuuliza.

"Si ulisema nzito? Nimekuchukulia baba lao. Hapo huna mpinzani."

"Nilisema risasi nzito! Nilisema naenda kuangusha ndovu?"

"Shemeji, usinifokee mbele za watu. Mtoto wa kike ukiipiga hiyo, watakuheshimu."

Nilimgeukia mwalimu. Bunduki nyingine zote zilikuwa na wenyewe. "Khalas, madam," akasema. "Hii, au msimu ujao, inshallah."

Msimu ujao! Msimu ujao miguu yangu itakuwa imeota mizizi kwenye marumaru ya watu. Nikalala mkekani.

Ya kwanza ilinikumba begani, darubini ikanigonga juu ya nyusi, na vumbi likatimka mbali na sahani. Ya pili nilianza kuumwa nayo kabla haijalia. Ya tatu sikuona ilikokwenda kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Mwalimu akachuchumaa, akaichukua bunduki, akaijaza mwenyewe, akanirudishia. Nikalenga. Nikavuta.

Haikulia. Alikuwa ameweka ganda lisilo na baruti. Lakini mtutu uliinama, bega likaruka mbele, macho yakajifunga, yote hayo kwa teke ambalo halikuwepo. Kila aliyesimama pale aliona. Na nyuma yangu nikasikia kicheko ninachokijua.

Niliinuka nimefura. "Njoo ulale wewe!"

"Leo bega langu haliko sawa, shemeji."

Bega! Mtu aliyetuchosha miaka nenda miaka rudi kwa hadithi zake za mgambo! Nikamwambia ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Nikamwambia na mengine ambayo utani wa mashemeji unayaruhusu, kisha mengine ambayo hauyaruhusu. Tulirudi mjini kwa gari lake, kiyoyozi kikizomea.

Kazi alipewa dada mmoja wa Uganda aliyepiga ile ndogo. Simchukii. Ninachomwonea wivu ni stuli. Shemeji hakuomba radhi. Alimtuma mdogo wangu na pilau. Pilau niliila, msamaha sikuutoa.

Siku hizi naenda dirishani mwenyewe na kuonyesha kwa kidole: ganda hili dogo, kichwa hiki kizito. Mwalimu hunichanganyia za kweli na zile zisizo na baruti bila kuniambia ipi ni ipi. Mtutu bado unainama. Anasema woga huingia kwa kishindo na hutoka kwa kubembelezwa, na mimi kubembeleza sijui. Najua kukasirika.

Na woga wenyewe nauchukua mpaka kazini. Mgeni akielekea kuangusha sanduku, kabla halijagusa sakafu, jicho langu la kulia limeshajifumba. Jana msichana wa mapokezi aliniuliza kama nimeingiwa na vumbi. Nikamwambia ndiyo, nikaendelea kusimama.