Ndagala au turubini

Juma lililopita nilikaa nyuma kabisa katika sale ya mikutano ya parokia, nikiwasikiliza walimu na wachuuzi wanaoandika pamoja ansiklopedi, kitabu kikubwa cha ufundi, kwa ajili ya shule zetu za Kalemie. Karatasi iliyobaki ilitosha somo moja tu.

Mwalimu wa fizikia akasimama, akafunga kifungo cha juu cha koti lake la abakosti. "Turubini," akasema. "Umeme wetu unatoka kwenye maporomoko ya maji ya Bendera, lakini watoto wanafikiri unatoka ukutani."

Mama mmoja anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni hakusimama. "Papa, ile turubini inazunguka hata bila kuandikwa. Lakini mvua ikinyesha, ndagala zinaoza. Muandike namna ya kukausha samaki bila jua."

Wakapiga kura kwa mikono. Ndagala zikashinda.

"Basi Mama," mwenyekiti akasema, akimpa kalamu, "utuandikie."

Mama akaitazama kalamu. "Mimi? Mimi sijui. Ningejua, ningekuja huku kufanya nini?"

Sale nzima ikamgeukia mwalimu. Mwisho mwalimu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino, "Zinaoza baada ya muda gani?"

Juzi niliwaona wote wawili wakipanda mtumbwi wa kwenda kijiji cha Mpala, ili kuwauliza wavuvi wa huko. Mwalimu alishika mwavuli. Mama alipakata kikapu cha ndagala zilizooza, za kufanyia uchunguzi. Abiria wengine walikuwa wamejibana mbele kabisa.

Nadhani ndivyo elimu inavyoanza: wawili hawajui, na wengine wanaziba pua.