Kaka Alibadilisha Konsatina ya Baba, Sasa Ananiombea Vidole

Admin, niwekee hii lakini jina langu lifiche kabisa, huku Sagalla tunajuana sana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mjane, watoto wangu wawili wako shule ya bweni. Mama yetu alishafariki, na miaka saba iliyopita nilirudi nyumbani kumtunza baba. Macho yake hayaoni tena, na akili inakuja na kupotea. Naandika nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, kwa hivyo mnivumilie.

Baba alikuwa mpigaji wa konsatina kanisani kwetu. Kwa wasioijua, ni kinanda kidogo cha mkono, unakishika kwa mikono miwili, unakivuta na kukisukuma, na vitufe viko pande zote mbili. Alikipata ujanani akifanya kazi Voi. Kati ya watoto wake wote alinifundisha mimi, nikiwa na miaka tisa. Alipoacha, nikashika nafasi yake kanisani, na kila jioni nampigia nyumbani. Kuna siku hata jina langu halikumbuki, lakini nikianza tu kupiga anatabasamu, anasema, "Huyo ni binti yangu," halafu ananiita kwa jina. Hiyo ndiyo furaha iliyobaki katika ile nyumba.

Mwezi uliopita nilienda Makwasinyi siku nne kwa mazishi ya shangazi. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, akabaki na baba. Niliporudi nikafungua sanduku la kinanda, nikakuta kinanda chekundu kipya, kinang'aa.

"Kaka, kinanda kiko wapi?"

"Si hicho hapo? Nimebadilishana na mzee mmoja wa Voi. Kile kilikuwa kimechakaa. Badala ya kunishukuru unanitolea macho?"

Jamani, konsatina si zote moja. Ya baba, kila kitufe kina sauti yake, uvute usukume ni ileile. Hii nyekundu, kitufe hichohicho kinatoa sauti moja ukisukuma na nyingine kabisa ukivuta, na vitufe vyenyewe ni vichache. Vidole vyangu havijui vianzie wapi. Nilimweleza kaka hivyo, akacheka. "Kinanda ni kinanda. Jifunze."

Jioni ile nilijaribu. Baba akasikiliza kidogo, akageuza uso. "Nani huyo anachezea kinanda? Mwambieni aache. Binti yangu yuko wapi?" Nilikuwa nimekaa mbele yake, magoti yangu yanagusa yake.

Kesho yake nilishuka Voi kumtafuta yule mzee. Ni Mwislamu, watu wake asili yao pwani, anatengeneza redio na vinanda. Nilienda nimejiandaa kugombana, lakini alinikaribisha kwa heshima. "Wallahi mwanangu, sikumdhulumu mtu. Ndugu yako alinijia mwenyewe, akaniapia kuwa ni chake. Lau ningelijua kina mwenyewe, nisingelikigusa." Akanipa nikipige. Mkewe akatoka jikoni, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza. Mzee akasema, "Nitakurudishia. Lakini tulipeana mkono mimi na yeye, basi na aje mwenyewe tuvunje. Sitaki kesho aseme nimempokonya. Hakitoki hapa, nakungojea."

Nilipanda Sagalla nikidhani yameisha. Kaka akakataa katakata. "Niende nikajiaibishe kwa watu?" Nilipomsukuma sana ndipo akatoa la moyoni. "Mimi ndiye kifungua mimba. Nilikuwa nachunga mbuzi wewe umekalishwa mapajani unafundishwa. Hata siku moja hakunipa nikishike!"

Sitadanganya, kwa dakika moja nilimhurumia. Kisha akanipa sharti lake. Atakwenda Voi nikisimama kwanza mbele ya wazee wa kanisa niseme kinanda ni chake, na nitakuwa nikipiga kwa ruhusa yake. Nikamwambia heri vidole vikatike.

Sasa sikieni alichofanya. Baba, ambaye hajui kinanda kilibadilishwa, siku moja akili imetulia, alimwambia kaka, "Mikono ya binti yangu imeingiwa na ugonjwa, hapigi tena kama zamani. Leta watu wamwombee." Na kaka akawaleta! Jumamosi mchana waliingia watu sita wa maombi, yeye akiwa mbele. Akashika viganja vyangu viwili, akafumba macho, akapaza sauti, "Ee Bwana, mponye dada yangu vidole!" Baba anaitikia amina huku machozi yanamtiririka. Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu. Daktari alishatuonya kwamba presha ya baba haitaki mshtuko, na baba anampenda sana huyo mwanawe.

Walipoondoka nilimfuata kaka hadi kwenye zizi. "Ukinishika tena mikono, nitasema kila kitu."

Akanijibu taratibu, "Sema. Baba akianguka, wewe ndiye umemuua."

Tangu siku hiyo baba huniita nikae karibu naye, anapapasa vidole vyangu kimoja kimoja. "Panauma wapi, mama?" Namwonyesha popote tu. Mimi ambaye sijawahi kumdanganya baba yangu, sasa namdanganya kila siku ili mtu mwingine abaki na heshima yake kanisani.

Jumamosi hii wanarudi, na ni kaka tena atakayeongoza. Je, nikubali sharti lake, nijidhalilishe mbele ya wazee, kinanda kirudi na baba anitambue tena kabla hajatuacha? Au ningoje anishike hivyo viganja, nimfichue palepale mbele ya wote, liwalo na liwe? Ninyi mlio na wazazi wazee na ndugu wa namna hii, niambieni mngefanyaje. Kumtukana msijisumbue, matusi yote nimeshayamaliza mimi.