Daftari la Waliopona

Miezi ile ya korona mtaa wetu wa Mkonze ulinuka mkaratusi. Kila nyumba ilikuwa na sufuria ya kujifukizia, nami nikataka kujua kama inasaidia. Nilipiga mistari kwenye daftari, nikawa napita alasiri kwa waliokohoa na kujifukiza. "Umepona?" "Nimepona." Naweka alama. Dada yangu, mjane anayekaa nyumba ya pili kutoka kwangu, alilitaja daftari lile kwa majirani kama hati ya serikali.

Kisha nikasoma kwenye simu, kamusi pembeni, jinsi dawa inavyojaribiwa: wagonjwa hugawanywa kwa kura, wengine wapewe, wengine wasipewe, wote wafuatiliwe hadi mwisho. Majaribio mengi ya wakati ule, makala ilisema, hayakuwa na kundi la kulinganisha. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Shambani kwangu, nikijaribu unga mpya wa kuzuia ukungu wa zabibu, huacha mstari mmoja wa mizabibu bila unga. Kwa watu sikuacha hata mmoja. Tena kulikuwa na geti nililobisha mara mbili bila kujibiwa, nikapita bila kuandika kitu. Baadaye nilisikia mzee wa pale alizikwa kwao Kondoa.

Wiki hiyo hiyo dada akaanza kukohoa. Siku ya tatu hakuweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Nilimkuta chini ya blanketi, sufuria ikifuka.

"Shikamoo dada. Twende hospitali."

"Marahaba. Nikafanye nini? Daftari lako linasemaje?"

"Lina kosa."

"Ehe! Wamepona wote, nimeugua mimi ndiyo lina kosa?" Alikohoa. "Haya, nionyeshe aliyekufa."

"Hayumo. Ndilo kosa lenyewe." Nikamweleza habari za lile geti.

Alitoa kichwa nje ya blanketi. "Yule mzee muuza alizeti? Naye alijifukiza?"

"Sijui. Sikuuliza."

Kifua kilimpanda na kushuka. "Na wewe unajiita mtu wa vipimo," akasema, kisha akaninyooshea mkono nimwinue.

Hospitali walimwekea oksijeni. Nilizunguka uani siku nzima. Kila benchi nililokalia lilinichoma. Aliporudi nyumbani, majirani walisema nimemwokoa. Huenda angepona hata bila kwenda. Alikuwa mgonjwa mmoja, na sina dada mwingine wa kumlinganisha naye.